Tom Campbell Black: Rubani wa Rongai aliyeponea vitani akafia uwanjani

HISTORIA ya wazungu waliolowea katika Bonde la Ufa inapoandikwa, majina ya Lord Delamere wa Njoro na Lord Egerton wa Ngata hayakosi. Jina la Tom Campbell Black hutajwa kwa nadra mno, ilhali kuna wakati lilivuma kote ulimwenguni kuliko la mlowezi mwingine yeyote aliyewahi kulima katika viunga vya Nakuru.

Huyu ndiye aliyekuwa rubani mkuu wa kwanza wa Wilson Airways, kampuni iliyouachia Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi jina lake. Ndiye aliyemfunza urubani Beryl Markham, binti wa Njoro aliyevuka Bahari ya Atlantiki peke yake mnamo 1936. Na ndiye, akiwa na mwenzake mmoja, aliyeruka kutoka Uingereza hadi Australia kwa muda wa siku tatu pekee mnamo Oktoba 1934, enzi ambazo meli ilichukua majuma kadhaa kukamilisha safari hiyo.

Alifariki akiwa na umri wa miaka 36. Hakuuawa na risasi wala kuanguka kutoka angani. Aliuawa akiwa ameketi ndani ya ndege yake, magurudumu yakiwa ardhini, mchana kweupe.

Kisa chake ni kisa cha vita kabla ya kuwa kisa cha mashindano na sifa. Bila Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, pengine Campbell Black hangeigusa ndege maishani, na pengine Rongai hangeifahamu. Vilevile, hadithi yake haielezeki kikamilifu bila kuwataja wenyeji wa Bonde la Ufa ambao vita hivyohivyo viliwachukua, wakaenda kwa miguu na wengi wao wasirudi.

MWANA WA MEYA

Tom Campbell Black alizaliwa Desemba 1899 mjini Brighton, ufuoni mwa kusini mwa Uingereza. Babaye, Hugh Milner Black, alikuwa diwani mashuhuri aliyepata kuwa meya wa mji huo. Mamaye aliitwa Alice Jean McCullough. Ilikuwa familia yenye uwezo na heshima. Kijana huyo alisomeshwa katika shule ya Brighton College, kisha akapelekwa katika chuo cha wanamaji cha Greenwich, jijini London.

Vita vilipozuka Agosti 1914 alikuwa na umri wa miaka 14, mwanafunzi anayesoma habari za mapigano magazetini. Lakini vita hivyo vilikataa kwisha haraka. Kila mwaka vilihitaji vijana wapya kujaza nafasi za waliokufa, na mwishowe zamu ya kizazi chake ikawadia. Alijiunga na kikosi cha anga cha Jeshi la Wanamaji la Uingereza, akafunzwa kurusha ndege.

Msomaji wa leo huenda asifahamu ndege hizo zilikuwa za namna gani. Zilitengenezwa kwa mbao na kitambaa kilichokazwa kwa dawa, zikashikanishwa kwa nyaya. Rubani aliketi katika tundu lisilo na paa, upepo na mafuta ya injini vikimpiga usoni. Marubani wa Uingereza hawakupewa miavuli ya kujiokolea katika vita hivyo. Ndege iliposhika moto angani, rubani alichagua kati ya kuungua na kujirusha. Vijana wengi walikufa hata kabla ya kukutana na adui, kwani mafunzo yenyewe yalikuwa hatari.

Mnamo Aprili 1, 1918, serikali ya Uingereza iliunganisha kikosi cha anga cha wanamaji na kile cha jeshi la nchi kavu, likazaliwa Jeshi la Wanahewa la Uingereza, la kwanza ulimwenguni kujitegemea kwa namna hiyo. Campbell Black alihamishiwa humo na kumalizia utumishi wake humo. Silaha zilipowekwa chini Novemba 11, 1918, alikuwa hajatimiza umri wa miaka 19. Alikuwa amejifunza kazi moja tu ya utu uzima, nayo ilikuwa kuruka.

NDEGE ZA VITA PWANI YA AFRIKA MASHARIKI

Kwa wakazi wengi wa Afrika Mashariki, ndege ilifika ikiwa chombo cha vita. Kikosi hichohicho cha anga cha wanamaji kilitumwa katika pwani yetu kuisaka meli ya kivita ya Ujerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Mto Rufiji, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Ndege ziliruka kutoka Kisiwa cha Mafia zikapeleleza juu ya mikoko, zikaielekeza mizinga ya Waingereza. Julai 11, 1915, Königsberg iliangamizwa.

Lakini mzigo mkubwa wa vita hivyo katika eneo letu haukubebwa na ndege wala malori. Ulibebwa kwa vichwa na mabega ya watu. Wanaume wa Kenya walikusanywa, wengi wao kwa nguvu, wakafanywa wapagazi wa jeshi. Waliteketea kwa makumi ya maelfu, wengi wakiuawa na maradhi, njaa na uchovu kuliko risasi. Mitaa ya Kariakor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi leo ina jina la kikosi hicho cha wabebaji. Wengine walipigana kama askari wa King's African Rifles.

Mmoja wa askari hao aliondoka Njoro. Aliitwa arap Maina, shujaa wa Kikalenjin aliyeishi katika shamba la Charles Clutterbuck, mfugaji wa farasi aliyehamia huko kutoka Uingereza. Arap Maina ndiye aliyemfunza Beryl, binti mdogo wa Clutterbuck, kuwinda kwa mkuki na kusoma nyayo za wanyama msituni. Alikwenda vitani, akauawa. Alimwacha mwana aliyeitwa Kibii, rika na rafiki wa Beryl, ambaye baada ya kutahiriwa alipata jina la arap Ruta.

Hivyo basi, vita vilimwachia mwana wa meya wa Brighton ujuzi wa kuruka, navyo vikamwachia mwana wa arap Maina uyatima. Miaka baadaye, vijana hao wawili wangejikuta wakihudumia ndege katika uwanja mmoja jijini Nairobi.

SHAMBA LA KAHAWA

Amani ilileta tatizo lake. Uingereza ilikuwa na maelfu ya marubani na haikuwa na kazi ya kuwapa. Usafiri wa abiria kwa ndege ulikuwa bado changa, na ndege za kivita ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Wengi walirudi madukani na maofisini, wengine wakatafuta bahati yao katika makoloni.

Serikali ya kikoloni ya Kenya ilikuwa ikiwakaribisha kwa mikono miwili wazungu waliotoka vitani. Mnamo 1919 ilianzisha mpango wa kuwagawia ardhi maafisa na wanajeshi wa zamani. Aghalabu ardhi hiyo haikuwa tupu kama ilivyodaiwa. Wamaasai walikuwa wameondolewa katika Bonde la Ufa la kati kufuatia mkataba wa 1904, ili kuyapisha mashamba ya wazungu kandokando ya reli. Wapagazi waliorejea kutoka vitani hawakupewa ekari hata moja. Walichopewa, kuanzia mwisho wa vita hivyo, ni kipande cha kuvaa shingoni katika kijisanduku cha bati, ili polisi wajue walikotoka na mwajiri wao ni nani.

Katika mazingira hayo, Campbell Black aliwasili Kenya baada ya vita, akaungana na ndugu yake katika kilimo cha kahawa huko Rongai, kaskazini magharibi mwa mji wa Nakuru. Ni eneo la mashamba mapana na upepo mkali, Milima ya Tugen ikionekana kwa mbali upande wa kaskazini na msitu wa Mau ukiwa nyuma upande wa kusini. Kahawa haikuwa mali ya haraka. Mkulima alisubiri miaka mitatu au minne kabla ya mavuno ya maana, na ukame au wadudu wangeweza kumfilisi kabla ya hapo.

Walowezi wa wakati huo walihangaishwa pia na umbali. Mvua iliponyesha, barabara ya kutoka Nakuru kwenda Nairobi iligeuka tope. Mgonjwa mahututi aliweza kufia njiani. Aliyewahi kuiona dunia kutoka juu hakuweza kuutazama umbali huo kwa macho ya mkulima wa kawaida. Aliona kwamba nchi kama Kenya, yenye watu waliotawanyika na barabara mbovu, ndiyo hasa iliyofaa kutumia ndege.

Akiwa katika pilkapilka hizo ndipo alipokutana na Beryl. Katika kitabu chake West with the Night, kilichochapishwa mnamo 1942, Beryl ameeleza kwamba alimkuta Campbell Black katika njia ya kuelekea Molo, gari lake likiwa limekwama. Beryl alikuwa mkufunzi wa farasi wa mbio, na jina lake lilikuwa tayari linajulikana katika uwanja wa mashindano wa Nakuru. Mazungumzo yao ya barabarani yakageukia ndege. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba maongezi hayo yangezaa rubani mwingine wa kuandikwa katika historia.

WILSON AIRWAYS

Mnamo 1929, Campbell Black alimpata mtu mwenye fedha aliyeamini maono yake. Huyo alikuwa Florence Kerr Wilson, mjane aliyeishi Kenya. Julai mwaka huo, kampuni ya Wilson Airways ilianzishwa, Campbell Black akawa meneja na rubani mkuu. Kampuni ilianza na ndege ndogo aina ya Gipsy Moth, yenye nafasi ya watu wawili tu.

Kutokana na mwanzo huo mdogo, kampuni ilikua ikabeba barua na abiria kati ya Nairobi, Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwanzoni mwa miaka ya 1930, ndege zake zilihudumia pia wachimbaji waliomiminika huko. Ndege zilitafuta wawindaji waliopotea, zikapeleka dawa, zikabeba majeruhi.

Kazi hiyo ilihitaji moyo. Hapakuwa na redio ya kumwelekeza rubani wala taa za kumwonyesha pa kutua. Ramani za sehemu kubwa ya Kenya zilikuwa na maeneo meupe yasiyoandikwa kitu. Rubani aliifuata reli, mito na vilele vya milima. Pepo za Bonde la Ufa, zinazopanda na kushuka ghafla kwenye kingo za bonde hilo, zilitosha kuitupa ndege nyepesi kama jani. Nidhamu ya jeshini ndiyo iliyomweka hai. Inasimuliwa kwamba alikagua kila kitu kwa mkono wake kabla ya kuruka, na hakuwa mtu wa kujionyesha.

Mnamo 1931 alianza kumfunza Beryl. Mwalimu huyo alimwacha mwanafunzi wake afanye makosa hadi dakika ya mwisho, ndipo ashike usukani. Arap Ruta, mwana wa yule shujaa aliyeuawa vitani, alifuatana na Beryl kutoka kwenye mazizi ya farasi hadi kwenye karakana ya ndege. Aliyekuwa mtunza farasi sasa akawa mtunza injini.

Mei 14 mwaka huo, Denys Finch Hatton, mwindaji maarufu na rafiki wa karibu wa Beryl, alianguka na ndege yake Voi akafa pamoja na mtumishi wake Kamau. Beryl ameeleza kuwa naye alikuwa amealikwa katika safari hiyo, lakini Campbell Black alimsihi asiende. Mwezi uliofuata Beryl aliruka peke yake kwa mara ya kwanza, na Julai akapata leseni.

ADUI WA ZAMANI

Tukio linalomweleza mwanajeshi huyu wa zamani kuliko mengine lilitokea mwaka huohuo wa 1931, tena nchini Sudan.

Ernst Udet alikuwa rubani wa Ujerumani mwenye sifa za kutisha. Katika Vita Vikuu vya Kwanza aliangusha ndege 62, na miongoni mwa marubani wa nchi yake alizidiwa na Manfred von Richthofen pekee. Alikuwa amekuja Afrika Mashariki kupiga picha za filamu ya wanyama kutoka angani. Akiwa njiani kurudi kwao, alilazimika kutua katika nyika za Mto Nile nchini Sudan, yeye na fundi wake, bila msaada wala njia ya kutoka.

Campbell Black ndiye aliyemtafuta, akamwona, akatua na kumwokoa. Miaka 13 tu iliyotangulia wanaume hao wawili walivaa sare za majeshi yaliyokuwa yakiuana. Ingalikuwa Ufaransa mwaka wa 1918, wangekutana kwa bunduki za rashasha. Katika nyika ya Sudan walikutana kwa maji ya kunywa na mafuta ya ndege. Uokoaji huo ulisifiwa Ulaya, nalo jina la rubani wa Kenya likaanza kufahamika nje ya mipaka ya koloni.

Majaliwa hayakumfadhili Udet kwa muda mrefu. Baadaye alijiunga na utawala wa Adolf Hitler, akawa jenerali wa kusimamia utengenezaji wa ndege za kivita, kisha akajiua Novemba 1941, vita vingine vikiwa vimepamba moto.

HADI AUSTRALIA KWA SIKU TATU

Mnamo 1932 Campbell Black aliiacha Wilson Airways akaenda Uingereza kuwa rubani wa Lord Furness, tajiri wa meli aliyependa safari za Afrika. Huko ndiko alikosikia habari za shindano ambalo halijawahi kuonekana.

Mji wa Melbourne ulikuwa ukijiandaa kuadhimisha miaka 100. Sir Macpherson Robertson, tajiri wa huko aliyeuza peremende na chokoleti, aliahidi zawadi ya pauni 10,000 na kombe la dhahabu kwa rubani atakayefika wa kwanza kutoka Uingereza. Umbali wa njia hiyo ulikuwa takriban kilomita 18,000, na kila mshindani alilazimika kutua Baghdad, Allahabad, Singapore, Darwin na Charleville.

Mwenzake alikuwa Charles W. A. Scott, Mwingereza aliyewahi kuhudumu katika Jeshi la Wanahewa kisha akahamia Australia na kuwa rubani wa Qantas. Scott aliijua anga ya Australia, Campbell Black aliijua anga ya jangwa na joto. Walipewa ndege nyekundu aina ya de Havilland Comet, yenye injini mbili, iliyoitwa Grosvenor House kwa jina la hoteli ya London ambayo meneja wake ndiye aliyeinunua.

Ndege 20 ziliondoka uwanja wa kijeshi wa Mildenhall alfajiri ya Oktoba 20, 1934. Scott na Campbell Black waliruka hadi Baghdad. Walipokezana usukani, mmoja akijaribu kusinzia huku mwingine akirusha, katika kijichumba chembamba kisichoruhusu hata kunyosha miguu. Mpinzani wao mkubwa, Jim Mollison, na mkewe Amy Johnson, waliharibikiwa na injini wakaachia Allahabad.

Masaibu yaliwafika juu ya Bahari ya Timor. Shinikizo la mafuta katika injini moja lilishuka, wakalazimika kuipunguza nguvu isije ikakwama kabisa. Mbele yao kulikuwa na maji matupu, na nyuma yao vivyo hivyo. Wangeanguka hapo, pengine wasingepatikana. Waliikokota ndege hadi Darwin, mafundi wakaichunguza, nao wakaamua kuendelea huku wakiibembeleza injini hiyo hadi mwisho wa bara.

Oktoba 23 walikatiza juu ya uwanja wa mbio za farasi wa Flemington, Melbourne, umati mkubwa ukiwashangilia. Walikuwa wametumia saa 71 tangu kuondoka Uingereza. Wa pili alikuwa ndege ya abiria ya shirika la KLM la Uholanzi, jambo lililoonyesha kwamba safari hizo hazingebaki kuwa za mashujaa pekee.

Machi 1935, Campbell Black alimwoa Florence Desmond, mwigizaji na mchekeshaji maarufu wa London. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni Brighton, alikuwa na nyumba yake na jamaa yake. Lakini hakuacha kuruka. Septemba mwaka huo, akiwa na McArthur, alijaribu kuvunja rekodi ya kufika Cape Town kwa ndege nyingine ya Comet. Walipata hitilafu juu ya Sudan, wakalazimika kuiacha ndege na kujirusha kwa miavuli. Kile kifaa ambacho jeshi lake halikuwapa marubani wake katika vita, sasa kilimwokoa katika amani.

MWISHO WAKE

Mwaka wa 1936 yalitangazwa mashindano mengine, safari hii kutoka Portsmouth hadi Johannesburg. Campbell Black alipata ndege ndogo yenye kasi, Percival Mew Gull, iliyofadhiliwa na tajiri wa Liverpool na kupewa jina la Miss Liverpool.

Septemba 19, siku kumi kabla ya mashindano, alikuwa katika uwanja wa Speke, Liverpool, ndege hiyo ilipoonyeshwa kwa wakazi. Baada ya shughuli hizo aliingia ndani, akaanza kuiendesha taratibu ardhini ajiandae kuruka. Upande wa pili, ndege ya Jeshi la Wanahewa aina ya Hawker Hart ilikuwa imetua na inatembea uwanjani. Pua ndefu ya ndege za aina hiyo humziba rubani asione mbele zikiwa ardhini. Iliigonga Miss Liverpool, na rafadha yake ikapenya hadi alipoketi Campbell Black. Alifariki akipelekwa hospitalini.

Jeshi lililomfunza kazi hiyo ndilo lililomwondoa duniani, bila chuki wala kusudi. Bi Desmond alikuwa mjane baada ya ndoa ya mwaka mmoja na nusu.

Siku 15 tu kabla ya ajali hiyo, Septemba 4, mwanafunzi wake Beryl alikuwa ameondoka Abingdon, Uingereza, akaivuka Atlantiki peke yake dhidi ya upepo na kuangukia kinamasi cha Nova Scotia, Canada, baada ya takriban saa 21. Habari za msiba zilimfikia wakati sifa za safari yake zingali zinachapishwa. Nayo mashindano ya Johannesburg yalishindwa na Scott, yule mwenzake wa Melbourne, akiwa na Giles Guthrie. Scott naye hakupata utulivu. Alijiua nchini Ujerumani mnamo Aprili 1946, vita vya pili vilipokwisha.

ALIVYOVIACHA NYUMA

Vita vilirudi Kenya mnamo 1939. Wilson Airways ilisitisha biashara, ndege na marubani wake wakachukuliwa na serikali kuunda kikosi cha anga cha akiba cha koloni. Kampuni aliyoianzisha mwanajeshi wa zamani ikawa tena ya kijeshi.

Kisha ndege zikafika kwa wingi mlangoni pa shamba lake la zamani. Mnamo 1941, Jeshi la Wanahewa la Uingereza lilihamishia Nakuru kituo nambari 70 cha kuwafunza marubani na wasaidizi wao kuzirusha ndege za mabomu za Blenheim. Vijana walitoka Uingereza, Australia na nchi nyingine za himaya, wakaruka juu ya Ziwa Nakuru na Menengai kabla ya kupelekwa Afrika Kaskazini. Baadhi yao hawakufika huko. Mjini Nakuru yapo makaburi ya wanajeshi wa vita hivyo, yaliyopangwa kwa safu na kutunzwa na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola.

Uwanja wa Nairobi West ulipewa jina la Wilson mnamo 1962. Kutoka hapo, madaktari wa AMREF, shirika lililoanzishwa mnamo 1957, wamekuwa wakiruka kuwafikia wagonjwa wa mashambani, wakifanya kazi ileile aliyoiona mkulima wa Rongai aliyechoshwa na tope la barabara. Beryl alirudi Kenya, akafundisha farasi walioshinda Kenya Derby mara sita, akafariki Nairobi Agosti 3, 1986. Ile Comet nyekundu imehifadhiwa katika mkusanyo wa Shuttleworth nchini Uingereza.

Hata hivyo, mizani ya kumbukumbu haijalingana. Campbell Black alikuwa jasiri, na ujasiri wake haustahili kubezwa kwa kuwa alikuwa mlowezi. Lakini aliandikwa magazetini tangu akiwa hai, na mwanafunzi wake akamweka kitabuni. Arap Maina aliitumikia bendera ileile katika vita vilevile, akatoa uhai wake akiwa na wana wa kulea. Kama si binti wa jirani kuliandika jina lake, nalo lingepotea pamoja na majina ya maelfu ya wenzake waliotoka katika vilima hivyo.

Nakuru sasa ni jiji, tangu lilipopandishwa hadhi Desemba 2021, na majiji huchagua watu wa kuwakumbuka. Siku ambapo rubani wa Rongai atapewa jina la barabara au ubao wa ukumbusho, itakuwa haki ubao wa pili uwekwe kando yake kwa ajili ya askari wa Njoro na wapagazi wasio na majina. Wote walichukuliwa na vita vimoja. Tofauti ni kwamba mmoja alirudi na mabawa, wengine hawakurudi kabisa.